Msimu wa Chikanda wa Mama Mdogo

Wiki iliyopita nilishuka Mlowo kubadilisha gari, na kabla macho hayajaona chochote, pua ikanitangulia. Karanga zilizotwangwa, magadi, pilipili, na chini yake ile harufu ya udongo uliolowa ambayo sijaikuta kwenye chakula kingine. Chikanda. Kama hukukulia mpakani, nikueleze: ni mizizi ya porini inayosagwa na kupikwa na karanga mpaka inashikana kama keki ya rangi ya matofali, halafu inakatwa vipande. Wazambia wanaipenda kupita kiasi, na sisi wa Tunduma tumeambukizwa.

Nilisimama pale na begi langu nikasahau gari. Nina miaka kumi na tisa, kidato cha nne nimemaliza, na bado ni mtu wa aibu. Nikitaka kuuliza bei ya kitu huzunguka meza mara mbili kwanza. Siku hiyo nilizunguka mara tatu, maana nilikuwa simfikirii muuzaji. Nilikuwa namfikiria mama mdogo Sekela.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuja kukaa kwetu nikiwa darasa la sita. Alikuja na begi moja la nguo, redio ndogo, na furushi la madaftari aliyokataa mtu mwingine ambebee. Alikuwa anaandika riwaya ya mapenzi, lakini si yale mapenzi ya kutumiana maua. Humo kulikuwa na dada anaitwa Vailet, anayempenda dereva wa lori anaitwa Mateo, na Mateo ana kitu amekificha ndani ya tairi la akiba. Mpaka mwisho hujui kama Mateo atamwoa Vailet au atamtupa korongoni.

Alipewa chumba cha mbele, ambacho dirisha lake lilitazama foleni ya malori yanayongoja kuvuka. Asubuhi alioga, akafunga kitenge kizuri, akapaka rangi ya mdomo, kisha akavua viatu na kukaa mezani kama mtu anayengoja wageni. Chai yake ilikuwa ya rangi, tangawizi nyingi, sukari hakuna, kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Hakuona haya kuuliza watu mambo. Alimwuliza mwuza nyama wetu damu hukaa muda gani kwenye turubai kabla haijageuka nyeusi. Jioni yule mzee akamfuata mama, akamwuliza kwa upole kama mdogo wake anaelewana na majirani.

Lakini nyumba nzima ilimsoma kwa chakula anachokula. Siku akila chikanda, jua kwamba Vailet na Mateo wamekaa mahali wanatazamana. Siku akinituma karanga, kuna mtu yuko hatarini, na akiagiza za mara ya pili, mtu huyo haponi. Baba, ambaye hajasoma riwaya hata moja maishani mwake, alikuwa akirudi kazini anauliza mlangoni, "Leo anakula nini?" Tukimwambia karanga, alivua viatu na kupita kwa ncha za vidole.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani hawakulijua. Mimi nilikuwa naingia chumba kile. Mama mdogo alikuwa na desturi ya kulala mchana kule chumbani kwa mama, kwenye ubaridi, na muda huo mimi nilikaa kwenye kiti chake na kusoma. Kusoma tu hakukunitosha. Nilikuwa na kaunta buku lenye jalada gumu, la siri zangu, nililolificha chini ya godoro, na humo nikawa nanakili riwaya yake. Kila siku kurasa mbili, tatu, kwa miezi. Darasani nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akimwita jina anatazama sakafu. Vailet yeye alijibu watu. Nilipoandika majibu yake kwa mkono wangu, kwa dakika chache yalikuwa yangu.

Nilinakili yote, isipokuwa mabusu. Nilipofika hapo masikio yalipata moto. Niliandika tu, "Hapa walisalimiana," nikaruka.

Na katikati ya sura za Vailet niliandika mambo yangu. Nani amenicheka shuleni. Kwamba nywele za bandia za mama mdogo zikilowa zinanuka kama jamvi. Na kwamba sitaki riwaya iishe. Maana alishasema wazi: nusu ya kwanza imeshafika kwa mchapishaji, bado nusu ya pili, na akishaituma anaondoka kwenda Dar kutafuta maisha yake. Hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyewahi kuniuliza leo umeona nini njiani, halafu akangoja jibu mpaka litoke.

Basi, mwezi ule akaja Bibi kutoka Isongole, mama yao mzazi. Bibi hakusoma, na hakuweza kukaa bila kazi. Kwetu, kama nyumba nyingi za pale, kulikuwa na boksi la madaftari ya shule yaliyojaa. Muhula ukiisha yalikwenda kwa Mama Ado, muuza karanga wa kona ya maegesho, ambaye aliyachana akafungia karanga, na sisi akatupimia karanga kwenye bakuli. Bibi aliupenda utaratibu huo. Daftari tupu ni mali, alisema. Daftari lililojaa limemaliza kazi yake, kama ng'ombe aliyezeeka.

Mchana mmoja nilikuwa kwenye kiti cha mama mdogo, kalamu mkononi, Bibi akafungua mlango. Nilikumbatia kaunta buku langu nikasimama. Yeye hakushangaa hata kidogo. Alinyoosha kidole kwenye meza.

"Hayo nayo yamejaa?"

Nilidhani anataka kujua kazi ya mwanawe imefika wapi. "Yamejaa, Bibi," nikasema, nikampita pembeni na kutoka mbio.

Kesho yake mama mdogo alinituma karanga. Sura ya mwisho ilikuwa imekaribia na Mateo alishaanza kulifungua lile tairi. Nilileta vifurushi viwili. Akafungua cha kwanza huku anatazama malori, akamimina karanga kiganjani, akalegeza ile karatasi kama mtu anavyofanya bila kufikiri. Kisha akaacha kutafuna. Ilikuwa hati yake. Alisoma sentensi yake mwenyewe iliyotapakaa chumvi, akaweka karatasi chini, akafungua kifurushi cha pili. Ukurasa mwingine. Alipoanza kutafuta mezani, yale madaftari mawili yaliyojaa hayakuwepo. Lilibaki la tatu, lililoandikwa kidogo, na matupu yote, yamepangwa vizuri kwa ukubwa.

Tulikwenda mbio kwa Mama Ado, yeye miguu peku. Mama Ado alikuwa mtu wa kusema ukweli. Alitafuta kwenye kapu akatoa kurasa nne.

"Nyingine wamechukua madereva, mwanangu," alisema. "Foleni ya jana ilikuwa ndefu. Ziko Nakonde huko, ng'ambo ya mpaka, kama hazijafika mbele zaidi."

Mama mdogo alitazama upande wa geti la mpaka. "Basi Vailet amevuka," akasema. "Na mimi hata pasi sina."

Nyumbani Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Alijitetea kwanza kwamba matupu aliyaacha yote, hakugusa hata moja. Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Nilimwuliza Tumpe. Akasema yamejaa." Wote wakanigeukia. Nikatazama sakafu. Hakuna aliyeuliza mimi nilikuwa natafuta nini chumbani mle, kwa sababu Tumpe na sakafu walikuwa wameshazoeleka. Bibi alipoelewa kilichotokea hasa, alivuta khanga mpaka machoni na hakula siku ile.

Unaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nami nimejiuliza. Kaunta buku lilikuwa chini ya godoro, hatua kumi kutoka pale nilipokuwa nimesimama, na humo Vailet alikuwa mzima, bila mabusu tu. Lakini kulitoa ni kukiri kwamba mimi ni mdokozi wa chumba cha mtu. Ni kumpa asome habari za nywele zake. Na liko la tatu, ambalo ndilo lililonikaba zaidi: mama alimwambia mdogo wake asiumie, akae tu na sisi, atamsaidia kuuza vitenge sokoni. Nikasikia ndani yangu kitu kinafurahi. Nilikionea haya na sikukifukuza.

Alijaribu kuandika upya. Siku mbili alikaa mezani, chai ikapoa, hakuna chikanda, hakuna karanga. Alimwambia mama kwamba maneno ya kwanza hayarudi, wanaorudi ni ndugu zao tu, na hawafanani. Siku ya tatu hakupaka rangi ya mdomo. Alivaa viatu asubuhi akaenda sokoni na mama.

Nilipotoka shule nilipitia huko. Alikuwa amekaa nyuma ya vitenge, mikono mapajani. Mteja mmoja wa Kizambia alishika kitambaa akamwuliza bei, na mama mdogo wangu, aliyewahi kumwuliza mwuza nyama habari za damu, alitazama chini akataja bei kwa sauti ya kuomba radhi. Niliifahamu sauti ile. Ilikuwa yangu. Sikuwa nimewahi kuisikia kutoka nje, na sikuweza kumtazama aliyenayo.

Nilikimbia nyumbani. Nilikunja kona za kurasa zote zenye riwaya, ili ajue ni zipi za kusoma. Ukurasa wa mwisho kabisa, nyuma ya sura iliyokuwa imefikia pale Mateo anachukua spana, niliuacha bila kukunja. Niliuandika siku Bibi alipojitetea. Nikangoja barazani mpaka waliporudi, na kabla miguu haijabadili mawazo nikamfuata chumbani.

"Mama mdogo," nikasema, "yale maneno yako ninayo."

"Maneno gani?"

"Yote. Ila mabusu sikuyaandika."

Hakuelewa, nikamwekea kaunta buku mapajani na kuanza kueleza, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Kiti chake, usingizi wake wa mchana, Bibi mlangoni. Nilimwambia asisome kurasa zisizokunjwa. Akaniapia kwamba hatasoma. Alifungua ya kwanza iliyokunjwa, akasoma taratibu, midomo inacheza. Akafungua nyingine. Halafu akafika mahali akasimama, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani nimeharibu kitu tena.

"Walisalimiana," akasema, na akacheka mpaka machozi yakamchorea mashavu. "Tumpe, mwanangu, hawa wamesalimiana mara tisa kwenye sura moja."

Bibi alikuja kuona nani anacheka. Alipoelezwa, alikaa chini palepale kizingitini, akanyoosha miguu kama mtu aliyetua kuni, akaomba uji. Mimi nilikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikula sahani mbili za ugali, na mama akanishika paji la uso kuona kama naumwa. Kuingia chumbani kwa mtu hakuna aliyenisamehe kwa maneno. Kesho yake tu nilikuta kiti cha pili mezani kwa mama mdogo.

Alinakili kutoka kwenye kaunta buku langu wiki mbili, akanirudishia, akamaliza sura ya mwisho, akaifunga bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la Mbeya. Nikajua sasa anaondoka. Nilishajiandaa, nililia mapema ili siku yenyewe nisilie. Lakini hakufunga begi. Mama alipomwuliza safari lini, alijibu kwamba anangoja msimu wa chikanda uishe, Dar hakuna chikanda, hawezi kuondoka kipindi chenyewe hiki. Mama akacheka. Mimi niliona ni sababu nzuri sana. Alikaa miezi mitatu zaidi. Kila mchana tuliketi kwenye viti viwili, yeye na chikanda yake yenye pilipili, na akanifundisha kujibu watu: kwanza Mama Ado, halafu mwuza nyama, halafu mwalimu. Alipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye basi na niliongea njia nzima.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Mabusu aliyarudisha, masikio yakapata moto tena. Lakini moja, lile la mwisho, baada ya tairi kufunguliwa, lipo hivi: "Hapa walisalimiana." Hakuna zaidi. Nimesikia wasichana bwenini wakisema hilo ndilo kali kuliko yote.

Sasa turudi Mlowo. Baada ya mzunguko wa tatu yule muuzaji alinihurumia, akanikatia kipande. Ili nisipokee kimya nikamwambia kwamba nimebahatika kukuta msimu.

"Msimu upi, mdogo wangu?" akasema. "Tunakausha, tunasaga unga, tunaweka. Chikanda ipo mwaka mzima."

Nilisafiri hadi Tunduma na kipande mkononi. Nilipofika nilivuta kaunta buku langu kutoka kwenye sanduku, nikafungua ule ukurasa wa mwisho nisioukunja. Umeandikwa kwa hati ya mtoto aliyekuwa analia: "Nikimpa ataondoka. Nisipompa atabaki. Mungu nisaidie nisimpe." Pembeni kuna alama ya kidole gumba, nyekundu ya pilipili, iliyofifia. Miaka yote niliiona na kudhani ni yangu.

Mimi pilipili sili.