Njuga za Marcelina

Wewe mara ya mwisho ulilala usiku mzima lini? Jana? Basi humjui Advera.

Advera ni mkulima wa tumbaku wa Usoke. Ana miaka thelathini na kitu, lakini ukimtazama usoni utamwongezea kumi. Binti yake, Marcelina, ana usonji. Hasemi, hapendi kushikwa, na usingizi wake ni wa vipande vipande. Akizinduka hufungua mlango na kuifuata reli. Masika moja wanaume wa kijiji walimkuta ameketi katikati ya reli, shavu ameliegemeza kwenye chuma, anasikiliza. Treni ya Kigoma ilikuwa imechelewa. Ndiyo maana yu hai.

Tangu hapo Advera analala kwa sikio. Alichukua njuga za marehemu baba yake, mcheza ngoma aliyejulikana hadi Urambo, akachagua zile ndogo, akazishona kwenye kitambaa na kumfunga mtoto kifundoni. Zikilia kidogo, mtoto anajigeuza kitandani. Zikilia mfululizo, anatembea, na mama yuko mlangoni kabla yake.

Kijijini walimcheka. Walisema amemvika mwanawe kengele kama ng'ombe. Wengine walimshauri atafute maombi yenye nguvu zaidi, wengine wakamtajia mganga. Hakuna hata mmoja, narudia, hata mmoja, aliyewahi kumwambia: Advera, leo kalale, mimi nitakesha na mtoto. Ushauri tunao wa kujaza maghala. Mikono ndiyo hatuna.

Juni, shule zilipofunga, Bi Mehjabeen, mwenye duka la vitambaa mjini Tabora, aliazima mabweni ya shule moja akafungua kambi ya likizo kwa watoto wenye usonji. Yeye mwenyewe amelea mtoto wa kiume wa namna hiyo. Sisi wa kujitolea tulipangiwa zamu za kuwa na watoto usiku na mchana, na langoni akawekwa mlinzi. Akina mama walipewa bweni lao upande wa pili wa uwanja, na kazi moja tu: kulala. Advera alipoambiwa hivyo aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mumewe, Leodgar, aliyebaki akipanga tumbaku kwa madaraja ya ubora, alikuwa amemwambia aende, arudi akiwa na macho ya mtu aliyelala.

Lakini pale langoni aliwaona akina mama wa mjini, na watoto wao waliovaa soksi nyeupe. Akainama, akazifungua njuga, akazisukuma chini kabisa ya kikapu. Hakuna aliyemwambia azifiche. Kuchekwa kwa miaka yote ile ndiko kulikomwambia.

Siku ile Marcelina alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Aliinua mguu, akakanyaga, akangoja kitu ambacho hakikuja. Mwishowe akaketi kando ya ukuta na kukataa chakula. Tulipomuuliza Advera, alisema ni ugeni tu.

Asubuhi iliyofuata akina mama walikusanyika kwenye meza za uji uwanjani. Consolatha, mama mmoja kutoka Igunga, alitangaza kwamba amelala kama gunia la mpunga, tena lililoshonwa mdomo. Kisha akamgeukia Advera, aliyekuwa amekaa usiku kucha kwenye kiti karibu na mlango wa bweni.

"Na wewe mwenzetu, umekuja Tabora kuwa mlinzi? Mbona lango lina mtu wake?"

Wakacheka. Advera hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyechochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku.

"Ni kimya," alisema. "Kwangu mimi, nisiposikia mlio, mtoto yuko relini."

Bi Mehjabeen akamuuliza ni mlio gani. Advera akaingiza mkono kikapuni na kuzitoa njuga.

"Msinicheke, dada zangu."

Bi Mehjabeen alizipokea, akazitikisa karibu na sikio, akamrudishia.

"Mimi wangu nilikuwa namfunga kwa kanga, mkono wake na wangu, Mama Marcelina. Angalau zako zina ngoma."

Advera akavuka uwanja hadi pale ukutani, alipokuwa ameketi tena mtoto, akapiga magoti, akamfunga njuga. Marcelina alisimama. Akakanyaga mara moja, akainamisha kichwa, akasikiliza. Akakanyaga tena. Kisha akaanza kuzizunguka meza zetu, na alipopita akachukua kikombe cha mamaye na kunywa uji huku akienda.

Advera aliketi kumtazama. Mtoto hakuwa amemaliza mzunguko wa pili pale kichwa cha mama kilipolala juu ya meza, mdomo wazi. Njuga ziliendelea kulia, mara karibu, mara mbali. Consolatha akavua kanga yake ya begani, akamfunika.