Siku Niliyoisifu Chai Yenye Petroli

Hili jambo mke wangu mwenyewe nilimficha muda mrefu, maana kuna aibu ukiisimulia unaona kama inatokea upya, lakini leo nawaambieni.

Mnajua niliwahi kufanya kazi ya kuonja chai kiwandani, Mufindi, kabla sijarudi Mpanda. Basi mjomba wangu na wakulima wenzake kule Mwese wakajaribu kutengeneza chai ya oolong, ile ambayo jani linaachwa ligeuke rangi nusunusu halafu linasokotwa na kukaangwa, si nyeusi si kijani (wenyewe waliiita "ulongo", kama uongo, na kucheka), na mnunuzi mmoja, mama mpole wa Dar, akakubali kuja kuionja. Mjomba akaniomba niionje mbele ya huyo mama, nikaitikia, wala sikumwambia kwamba tangu niugue mafua makali pua yangu ilikuwa imekufa, hata harufu ya dagaa siipati. Niliona haya. Mwonjaji asiye na pua ni mwonjaji gani?

Tukakusanyika nyumbani kwangu Makanyagio, pale Mpanda mjini, mke wangu akiwa safarini. Wakanipa mimi kikombe cha kwanza. Nikafyonza kwa sauti kama tulivyofundishwa, nikafumba macho, nikasema napata maua, na asali kwa mbali. Mke wa mjomba, aliyekuwa akimimina, akanitazama, kisha akainamisha kichwa (baadaye alisema alikuwa ameshasikia harufu, ila akajiambia mtaalamu ndiye anayejua). Mnunuzi akaonja, akatema.

"Hii ina petroli," akasema.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamweleza kwamba huo ni moto wa kukaangia, kwamba oolong nzuri ndivyo ilivyo, na ili aamini nikanywa kikombe kizima huku watu wananiangalia. Yule mama hakubishana. Akaniomba nifumbe macho, akanisogezea kikombe kingine puani, akauliza hiki kikoje. Nikasema hiki ndicho chenye maua zaidi.

Kilikuwa na kitunguu kilichokatwa, kutoka jikoni kwangu.

Hakuna aliyecheka, na bora wangecheka. Kumbe mfuko wa chai tuliyoionja ulikuja kwa pikipiki ukiwa umefungwa pamoja na dumu la petroli, na mfuko wa pili, msafi kabisa, ulikuwa pale chini ya meza. Mjomba akauinua, lakini mnunuzi akasema kama huyu ndiye mtaalamu wenu, sijui niamini nini tena. Akaaga kwa heshima, akaondoka.

Mjomba akanivuta pembeni.

"Ungesema tu unaumwa, mjomba," akaniambia taratibu. "Tungefungua ule mwingine."

Mvua zilizofuata waling'oa michai yao, wakapanda mahindi. Pua yangu imesharudi, nikienda kuwasalimu wananikaribisha chai ya dukani, tunakunywa, na hakuna anayeniuliza ikoje. Nimeapa: nikiulizwa nisichokijua nitasema sijui, hata mbele ya umati, hata mkinidharau. Ila Mwese hakuna tena anayeniuliza kitu.