Nafasi ya Kuitika

Nakumbuka mchana mmoja wa mwanzo wa mvua, mwanangu, mchana ambao mama mmoja wa Kolwezi, mji wetu wa migodi, alimlilia mwanawe aliye hai. Mwana huyo hakuwa mgonjwa wala hakuwa amepotea. Alikuwa chini ya ardhi, karibu kabisa na miguu ya mama yake, akinisikiliza mimi.

Leo nakuona una vidude viwili vyeupe masikioni, havina hata waya, na mkononi una simu ambayo huenda ndani yake kimo kipande cha jiwe la kwetu. Sikulaumu. Mimi nilipenda vyombo hivi kabla hujazaliwa. Kinasa sauti changu cha kwanza kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni kilichotumika, na nilikibeba kifuani kama watu wanavyobeba picha ya mchumba. Nilikuwa na kibanda sokoni, na kompyuta ya mtumba iliyonguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Vijana waliniletea simu zao, nami niliwawekea nyimbo kwenye zile kadi ndogo za ukubwa wa ukucha. Ndipo nikajiuliza: kadi ikibeba wimbo, kwa nini isibebe mazungumzo?

Nikaanza kipindi. Neno podikasti sikulijua. Nililikuta miaka mingi baadaye, nikacheka peke yangu, kama mzazi anayeambiwa na wageni jina la mtoto wake mwenyewe. Nilirekodi vituko vya sokoni, mashauri ya ndoa, visa vya treni ya Kasaji iliyochelewa mpaka abiria wakachumbiana njiani. Kadi zilitoka kibandani kwangu zikaenda Mutshatsha katika mifuko ya wauza makaa, na zaidi ya yote zikaenda kwa vijana waliochimba shaba na kobalti upande wa machimbo ya Mashamba. Kwa ajili yao nilifungua kila kipindi kwa salamu ileile: "Jambo yenu bote, benye kuwa chini!"

Nilichojivunia kuliko vyote, mwanangu, ni kwamba kipindi changu hakikuwa na kimya. Kwenye kompyuta nilikata kila pumzi, kila kikohozi, kila mahali mtu aliponyamaza ili afikiri. Pale nisipoweza kukata, nilimwaga muziki. Niliona kimya kama tundu kwenye shati la Jumapili.

Jirani yangu sokoni alikuwa Mama Ngalula, aliyekaanga mikate. Ukoo wake ulitoka Kasai, ukaletwa zamani kwa kazi ya migodi. Watoto wengine aliwazika. Alibaki na Kabeya peke yake, rafiki yangu, mchimbaji. Asubuhi ya siku ile Kabeya alipita kama kawaida, kofia yenye taa imening'inia mkononi.

"Mukubwa, leo umetia nini?"

"Habari ya treni. Utacheka mpaka uangushe nyundo."

"Ikianguka ku mguu wangu, weye njo utanibeba ku mugongo."

"Kula mukate mbele ya kushuka," mama yake akamkatiza, kisha akanigeukia na uma wake wa kukaangia. "Na ile sauti yako, inasemaka tu kama mvua ku mabati. Haipumuke?"

"Mama, hiyo njo teknoloji!"

Tulicheka, na Kabeya akaondoka na kadi mpya katika simu yake.

Ni lazima nikueleze desturi ya mashimo yale. Juu, mlangoni mwa shimo, hukaa mshika kamba. Huyo haachi kuita majina ya walio chini, na kila aitwaye hujibu kwa sauti, "Eee!" Asiyeitika, kazi yote husimama. Siku hizo mshika kamba alikuwa Tata Ilunga, mtu mzito wa maneno. Na kulikuwa na desturi nyingine: mwanamke hasogei karibu na shimo. Wachimbaji waliamini kwamba akisogea, madini hukimbia.

Baada ya adhuhuri mawingu yalikusanyika. Udongo wa mahali pale ukinywa maji hulegea ghafla, kwa hiyo Tata Ilunga akawaita wote wapande. Wakapanda. Kabeya hakupanda. Akaitwa, hakuitika. Kijana mmoja akaja sokoni mbio na pikipiki, na mimi na Mama Ngalula tukapanda nyuma yake, unga bado umemganda mama huyo mikononi.

Kwenye ukingo wanaume walimzuia. "Mama, hapa mwanamuke hapite. Madini itakimbia."

"Ikimbie! Mi niko natafuta mutoto!"

Akawapita. Alipiga magoti mdomoni mwa shimo, akamwita Kabeya kwa Kiswahili, kisha akamwita kwa Kiluba cha Kasai, lugha aliyomnyonyeshea. Sote tuliinamisha vichwa tukisikiliza. Hakuna kilichopanda. Basi akakivua kitambaa cha kichwa, akakitupa, akaketi kwenye udongo mwekundu na kuanza kilio cha msiba. Wanaume wakavua kofia zao.

Ndipo mimi nikaelewa. Nilihisi kama ardhi imenivuta suruali.

"Tata Ilunga, hakufa. Eko nasikia kipindi."

"Kipindi ya nani?"

"Yangu."

Tata Ilunga akatazama mawingu. Tone la kwanza la mvua likamwangukia begani. "Mi sitatuma mutoto wa mutu kule chini juu ya kipindi."

"Basi nitashuka mimi."

Sikuwahi kushuka shimoni maishani mwangu. Akanifunga kamba kiunoni mwenyewe, akaikaza mpaka nikaguna. "Nikiita, uitike. Usipoitika, tutalia na weye."

Nikashuka. Kila mara jina langu lilikuja kutoka juu, dogo, limechujwa na udongo, nami nilijibu "Eee!" kwa nguvu zangu zote. Sijawahi kulipenda jina langu kama nilivyolipenda ndani ya shimo lile.

Nilimkuta Kabeya katika tawi la pembeni, mgongo kwangu, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nikauchomoa waya wa simu masikioni mwake. Kutoka kwenye kile kidude kidogo sauti yangu iliendelea kusema, na kusema, bila kupumua.

"Yee! Weye? Umekuja kuchimba?"

"Mama yako eko juu. Anakulilia."

Kicheko kilibaki usoni mwake, hakina pa kwenda.

Tulipotoka mvua ilikuwa imefika. Mama Ngalula alimshika mwanawe uso, kifua, mikono, kama anayehesabu vyombo baada ya wageni. Hakumpiga. Alichukua ule waya uliokuwa ukining'inia, akaweka ncha moja sikioni mwake, akasikiliza akiwa amelowa. Kisha akaniambia, polepole:

"Nilimuita, na alikuwa nacheka. Kama alikuwa nalala, ningesema ni usingizi. Kama alikuwa amekufa, ningesema ni Mungu. Sasa niseme ni nani?"

Akauchomoa waya sikioni, akaniwekea mkononi.

"Kwetu mutu akitoa hadisi anaachaka nafasi, batu baitike. Mu hadisi yako, nafasi yetu iko wapi?"

Kesho yake asubuhi shimo lile lilikuwa bakuli la tope.

Niliweka kinasa sauti ndani ya sanduku, nikaapa kutosema tena. Mama Ngalula alinivumilia kwa siku chache, kisha akaja na mikate ya moto ndani ya karatasi. "Nani alikuambia uache? Mi nilisema upumuke."

Nikarudi. Baada ya kila kisa nikaacha kimya kirefu, cha kutosha mtu kusikia akiitwa. Na kwa wa chini nilisema wazi: huko chini usinisikilize, ningoje jioni, juu, na wenzako. Mwanzoni walinicheka: "Kadi yako imeharibika!" Baadaye nikasikia kwamba katika kimya kile, majumbani, watu walikuwa wakinijibu na kubishana. Kipindi kikawa chao.

Mama Ngalula alifariki mwaka uliopita, mzee, kitandani mwake. Pale makaburini, waimbaji walipotua ili washike pumzi, Kabeya, ambaye sasa ana mvi, aliinua kichwa na kuita kwa sauti ya kujaza uwanja: "Eee!" Wageni wakashangaa. Mimi na Tata Ilunga tulielewa alikuwa akiitikia nini.

Nasaha yangu basi, mwanangu, ni hii. Penda vyombo vipya. Vingine utavitengeneza wewe. Lakini chombo kinapopendwa, muulize anayekipenda yuko wapi anapokitumia, na ni nani anayemwita wakati huo. Usijaze kila tundu kwa sauti yako. Na wewe unayesikiliza, lijue jina lako likiitwa na walio hai, uitike wangali hai.

Mungu akupe, katika kila shimo utakaloshuka, mtu wa kusimama mlangoni akishika kamba yako. Akupe sikio lililo wazi. Na siku utakapoitwa na aliyekuzaa, pumzi yako na iwe tayari kujibu.