Koti la Wakili wa Kusini

Juzi niliona kwenye simu sanamu ya wakili mmoja wa kale wa Kusini mwa Marekani ikishushwa kwa winchi, nikanusa tena mvuke wa pasi kwenye duka letu la ushonaji, mtaa wa Satwa, huko Uarabuni. Nikiwa mtoto, Baba alikuwa akinishonea koti ili nimwigize wakili huyo shuleni: wakili, seneta, mtetezi wa uhuru. Alikuwa na watumwa pia, ila mwalimu alisema aliwapenda.

"Baba, watumwa wake walikwenda likizo kila miaka miwili, kama mjomba?" niliuliza. Nilidhani kila kafeel, yaani mwajiri mdhamini kama wa mjomba, hukata tiketi ya kwenda nyumbani.

Baba alitoa pini mdomoni. "Likizo gani? Aliwauza hata watoto wao."

Kisha akalichana lile koti vipande. Tulivifutia mafuta ya cherehani mwaka mzima, kazi pekee ya maana iliyowahi kufanywa kwa jina la wakili yule.