Mchuzi wa Nyumba Tatu

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka 2016, Hillbrow, mtaa wa maghorofa kusini mwa Afrika, ghorofa ya tisa, nilipokuwa bado bibi harusi wa miezi minne katika ukoo wa Wanigeria. Nimeshapika sufuria nyingi tangu siku hiyo. Hiyo moja ndiyo iliyonifanya mtu wa ukoo ule, ingawa ilianza kwa aibu.

Mume wangu, Emeka, alikuwa na meza ya kutengeneza simu mjini. Mimi nilikuwa msusi. Tulitoka alfajiri, tukarudi giza limeingia, na kwa watu wa namna hiyo chakula cha kununua barabarani humaliza mshahara kabla mwezi haujafika katikati. Ukoo wake ulikuwa na dawa. Nyumba tatu za jengo lile zilichanga, zikanunua sokoni kasha la nyanya, pilipili hoho nyekundu na vitunguu, na kila Jumamosi mwanamke mmoja, kwa zamu, alipikia nyumba zote mchuzi wa wiki nzima. Mchuzi huo uligandishwa katika makopo ya aiskrimu. Jumatatu unaula kwa wali, Jumatano unautia maharage, Ijumaa samaki mkavu. Ukiona kopo la aiskrimu katika friza ya Mnigeria, mwanangu, usifurahi haraka.

Mkuu wa mpango huo alikuwa Mama Obi, shangazi yake Emeka, mjane aliyelea wajukuu wawili ghorofa ya sita. Aliniita "mke wetu," kama ilivyo desturi yao, maana kwao mke akiolewa ameolewa na ukoo mzima. Si wote walioniita hivyo kwa moyo mweupe. Wifi yangu Adaeze, wa nyumba ya tatu, aliuliza mbele yangu kama Mtanzania anaweza kupika kitu kisichotiwa nazi. Nikacheka nao. Moyoni niliapa kwamba zamu yangu ya kwanza ingemfunga mdomo.

Basi nikapika. Nikasaga, nikakaanga bila haraka, mpaka maji yakakauka na mafuta yakapanda juu, mekundu, yakitetemeka. Mama Obi alikuwa amenipa sharti moja tu: mchuzi upoe wazi, usifunikwe ungali moto. Lakini mimi nilizaliwa Tanga. Kwetu chakula kisichofunikwa ni aibu ya mpishi. Mama yangu alikuwa na kawa la ukili kwa kila sinia. Nikaitazama sufuria ile kubwa, wazi namna ile, nikaona kama nimemwacha mtu uchi. Nikaifunika, na juu ya mfuniko nikatandika taulo, nikalala kwa amani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Yangu ilioza. Asubuhi nilipofunua nilikuta povu pembeni na harufu ya uchachu, kama togwa la siku tatu. Hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe, maana kufunika ulikuwa ujinga tu. Nilitia magadi. Nikatia sukari. Nikachemsha mpaka povu likatoweka, nikaonja, nikajidanganya. Kisha nikagawa katika makopo na kushuka nayo ghorofa ya sita.

Wajukuu wa Mama Obi walikuwa mezani na mikate mikononi. Adaeze naye alikuwa amekuja kuchukua makopo yake. Yule mdogo, msichana wa miaka minne, alifungua kopo kabla sijakaa. Bibi yake akamwambia anishukuru kwanza. Akasema, "Asante, Anti," akachovya mkate.

Nikamshika mkono.

"Usile," nikasema. "Mama, umechacha. Niliufunika, kisha nikauficha kwa magadi."

Adaeze aliguna, akasema kumbe nazi ingekuwa afadhali. Mama Obi alinusa kopo, halafu akaniambia nimfuate chooni, na hapo tukamwaga yote, kopo baada ya kopo. Alipomaliza alinawa mikono, akasema bila kupandisha sauti:

"Mke wetu, nyanya ni za wote, hasara yake tutaigawana. Lakini mtoto angeugua leo, mimi ningemlaumu mwuza nyanya, na wewe ungekaa kimya. Hicho ndicho kinachonitisha."

Nililia. Nikamwomba anitoe kwenye zamu. Akaniuliza nani amezungumza habari za kutolewa. Wiki ile nyumba tatu zilikula maharage matupu, na kila jioni Adaeze aliuliza kama bado tuko kwenye karamu ya Tanga.

Jumamosi iliyofuata haikuwa zamu yangu. Mama Obi aligonga mlango akiwa amekumbatia kasha la nyanya.

"Pika tena," akasema. "Mtu haachwi alale na aibu yake."

Alikaa jikoni kwangu mpaka sufuria ikapoa, akisinzia, na kila niliposogelea mfuniko alifumbua jicho moja. Wapo waliorithi mashamba na dhahabu. Mimi nilipewa Jumamosi ya pili, na shukrani yake sijaimaliza.

Kwa hiyo, mwanangu, kama siku zako ni fupi, changeni, nunueni kwa wingi, pika mara moja ule wiki nzima. Poza kabla hujafunika. Gawa katika makopo madogo, usigandishe tena kilichokwisha kuyeyuka. Hayo mikono itayazoea. Lakini ulichowapikia watu kikiharibika, sema kabla ya tonge la kwanza. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha mtoto wa mwenzio hakizimwi kwa magadi. Nawe ukiwa mkubwa wa jiko, akikujia mtu na ukweli mdomoni, mkemee, kisha mrudishie mwiko.

Mungu aibariki mikono yako, akujalie riziki ya kugawana na watu wa kukurudi kwa upole. Amina.