Trela Lililopimwa kwa Magoti ya Mama

Mama yangu aliacha kusafiri kwa sababu ya mahali pa kujisaidia. Nasema waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakusema, na kwa miaka kadhaa sisi wanawe tuliamini uongo wake kwamba amechoshwa na vumbi. Alikuwa na kisukari, haja ndogo ikimjia kila baada ya muda mfupi, na magoti yake yalikuwa hayakunjiki tena. Anayejua mabasi ya bara anajua kuchimba dawa: basi linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano, honi. Katika safari yake ya mwisho kwenda Songea kumwona dada yake mkubwa, mama hakuweza kuchuchumaa wala hakuweza kungoja. Alifika akiwa amejifunga kanga mbili juu ya gauni lililolowa. Aliporudi Dar es Salaam akatangaza kwamba safari zake zimekwisha. Katika watoto wote wa tumbo lao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Wakawa wanasalimiana kwa simu, na simu ikikatwa mama anaingia chumbani na kufunga mlango.

Siri hiyo aliijua mtu mmoja, mke wangu, kwa sababu ndiye aliyezikuta zile kanga zimefichwa mkobani mama aliporudi, akazifua. Alikaa nayo kimya, hata mimi mumewe hakuniambia.

Wakati huo nilikuwa Guangzhou, China, nanunua viatu soko la Zhanxi na kuvisafirisha hadi Kariakoo. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kidogo, mji ukijengwa kwa fujo: ukienda nyumbani mwezi mmoja, ukirudi unakuta barabara ya juu imepita pale ulipokuwa ukila tambi. Siku moja kwenye maonyesho ya biashara nikaona trela la kulala, chumba kizima juu ya magurudumu, chenye kitanda, jiko na choo, unakifunga nyuma ya gari na kwenda nacho. Nyumbani tulikuwa na gari la juu, la magurudumu manne yanayovuta yote, nililolinunua mwaka mmoja wa neema. Nikasimama mbele ya lile trela nikamwaza mama. Sikujua habari za kanga, nilifikiri tu kwamba angependa kujinyoosha njiani.

Nikampigia mke wangu kwa kadi ya simu. Nikamweleza nilichokiona. Akanisimulia habari yote ya kanga, taratibu, na mwisho akasema, "Baba watoto, usinunue kitu mpaka nije."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka sita katika mji ule. Wauzaji wa Zhanxi walinijua kwa sura, na Watanzania wapya waliposhuka kituo cha basi cha Liuhua na mabegi yao matupu, mimi ndiye niliyeelekezwa kuwaonyesha njia. Yeye alikuwa fundi cherehani wa Magomeni, mshonaji wa magauni ya harusi, hajawahi kupanda ndege. Leo aje anifundishe mimi kununua.

Alikuja, watoto akiwaacha kwa dada yake. Nilitaka sana kumwona ameshangaa. Nikampitisha chini ya majengo marefu, nikampeleka Zhanxi asubuhi, wakati mikokoteni ya mizigo inapita na watu wanapigana vikumbo, nikangoja aseme kitu. Alishika gauni moja dukani, akaligeuza ndani nje, akatazama mshono. "Kazi wanaijua," akasema, "ila hili wamelikimbiza." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata siku ile kwa niaba ya China nzima.

Kiwanda cha matrela kilikuwa nje ya mji, njia ya kwenda bandari ya Nansha. Mwenye kiwanda tulimwita laoban, yaani bosi, kama tulivyowaita wenye mali wote kule. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amevaa viatu vya kazi vilivyotapakaa matone ya rangi. Alitunywesha chai katika vikombe vidogo, kisha akatupeleka kwenye trela lake la maonyesho. Lilikuwa refu, lina vitanda vinne, televisheni, mapazia ya rangi ya dhahabu. Nililipenda palepale. Nikaanza kazi ninayoijua. "Laoban, tai gui," nikamwambia, ghali mno, na kugeuka kana kwamba naondoka, naye akanivuta mkono huku akicheka. Tulikuwa tunaelewana vizuri kabisa.

Mke wangu hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, futi yake ya kushonea mkononi, anapima ngazi ya mlangoni.

Kumbe kabla ya kuja alimpima mama. Si kiuno na mabega. Alipima mguu wa mama unainuka kiasi gani kabla hajauma meno, kitanda kiwe na kimo gani ili aamke bila kushikwa, na mkono wake unafika wapi akiwa amekaa chooni. Vyote aliviandika katika daftari la wateja, kwenye ukurasa wa mama, chini ya vipimo vya gauni la Idi. Alikwenda pia nyuma ya gari letu, akanakili kutoka kwenye kibati uzito ambao gari linaweza kuvuta. Mimi mwenye gari sikuwahi kujua kama kuna kibati.

"Ngazi iko juu," akasema. "Mwambie kwamba mama ana magoti."

Kichina changu kilikuwa cha ghali na rahisi, ipo na hakuna, namba za viatu, nyeusi na kahawia. Goti sikuwa nalo. Miaka sita ya kujigamba, na sikuweza kumwambia mtu kwamba mama yangu anaumwa. Nikaonyesha mguu. Laoban akatazama kiatu changu, akasema ni kizuri.

"Basi wewe utakuwa mama," mke wangu akasema.

Akavua mtandio wake wa juu, akanifunga kiunoni kama kanga. Nilikataa, akakaza fundo. Nikapanda ngazi ile nikiwa nimeshika kiuno na kukunja uso, mguu mmoja, pumzika, mguu wa pili, naye nyuma yangu akinisahihisha: mama haanzi na mguu wa kulia, mama hushika mlango kwanza. Mafundi wakaacha kuchomelea, wakaja kutazama. Alinilaza kitandani, akaniamrisha niinuke. Akaniingiza chooni, akanikalisha, akaniambia nifikie maji. Hapakuwa na maji ya kufikia. Palikuwa na karatasi. "Mama akae humo na karatasi?" akauliza, akachukua kikombe cha chai cha laoban, akaonyesha kwa adabu zote namna mtu anavyojitawaza. Wale mafundi wakaangalia chini.

Nilikuwa nimekasirika, siwezi kuficha. Mtu anajenga heshima yake kwa miaka, halafu anavishwa mtandio mbele ya wachomeleaji. Lakini kubwa lilikuwa bado.

"Sasa tumeegesha Makambako, njia ya Songea," akasema. "Mama anataka kunyoosha mguu. Shuka."

Nikashuka. Kabla unyayo haujagusa sakafu, mke wangu akatokea nyuma ya trela akikimbia, mikono imeshika usukani hewani, akanipiga kofi la bega. "Umegongwa," akasema. "Mimi ni lori la mbao. Nimemgonga mama yako."

Laoban alicheka, mafundi wakacheka. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuacha. Kule China gari hupita kulia, kwa hiyo mlango wa trela huwekwa kulia, upande wa majani. Kwetu tunapita kushoto. Mlango ule, kwetu, ungemshusha mama katikati ya lami. Nilikuwa nimesafirisha makontena bila idadi kutoka nchi ile, nimevuka barabara zao kila siku nikitazama kushoto kwanza, na jambo hilo halikunipitia kichwani.

Mtu mwenye akili angeshukuru hapo. Mimi nilipandisha sauti. Kontena langu la viatu lilikuwa linafungwa wiki ile kwenda Nansha, trela la maonyesho lilikuwa tayari, na nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kulipakia meli hiyohiyo. "Oda mpya ni miezi miwili," nikamwambia. "Mama anazeeka, mama mkubwa anazeeka. Wewe unataka wafe wakingoja ngazi? Mlangoni tutashuka kwa uangalifu. Kazi yako ni cherehani, biashara niachie mimi."

Hakunijibu kwa hasira. Alikunja futi yake vidoleni, akaikunjua. "Mama atapanda mara moja," akasema. "Akiona aibu mara hiyo moja, hapandi tena, hata ukilifunika dhahabu. Hatuna mara ya pili."

Nilinywea. Alikuwa ananiambia jambo ambalo mimi, niliyezaliwa na mama yule, nilipaswa kumwambia yeye. Wazee husema mgeni njoo mwenyeji apone, na sikuwahi kuuelewa msemo huo mpaka saa ile, nimesimama na mtandio kiunoni.

Laoban alikuwa amefuata sura zetu badala ya maneno. Alinyoosha kidole ghorofani, akashika magoti yake mwenyewe, akajikunja na kugumia. Naye alikuwa na mama. Akatupeleka nyuma ya banda, kwenye matrela yanayotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine zinazopita kushoto kama sisi. Yalikuwa madogo, hayajapakwa rangi, bila pazia wala televisheni, mlango kushoto. Mke wangu akachora mlima daftarini, gari na trela vikiukwea. "Kitonga," akasema, kana kwamba kila mtu duniani anaijua Kitonga na malori yanayochemka pale. Akamwonyesha ile namba ya kibatini. Laoban akanyoosha mkono kulielekea lile refu la dhahabu, akatikisa kichwa. Akagonga ubavu wa hili dogo, akaitikia kwa kichwa.

Siku tatu tulirudi pale. Nimewaona mafundi wengi, lakini sijaona watu wakielewana kama wale wawili wasiokuwa na neno moja la pamoja. Mke wangu alivuta mstari kwa chaki ya kushonea, laoban akakata. Ngazi ikawa mbili badala ya moja, chuma cha kushika kikachomelewa mlangoni, kisha akakishika, akatikisa kichwa, kikashushwa upana wa vidole vitatu. Kitanda kikapunguzwa miguu. Chooni likaja bomba la mpira, likafungwa pale mkono wa mama unapofika. Aliuliza, kwa kuigiza, kama mama anaweza kulala humo gari likienda, na laoban akakataa kwa mikono miwili, hakuna, hakuna: watu wote wakae garini, trela ni la kusimama. Mke wangu akaandika hilo pia. Mimi nilikuwa wa kushika taa. Watu husema usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilimwona anayeunda, na nilijivunia mpaka nikawa nawaambia wachomeleaji kwa Kiswahili kwamba huyu ni mke wangu.

Kontena langu la viatu lilikwenda peke yake. Trela lilifuata baada ya miezi miwili na zaidi, ndani ya kontena lake, shubiri moja tu imebaki kila upande.

Tulikwenda Songea likizo ya shule ya Juni. Mke wangu aliendesha, kwa sababu ndiye aliyekuwa amejifunza kurudi nyuma na trela, na mimi nilikaa na watoto. Mama alikaa mbele. Mara ya kwanza kusema tusimame alisema kwa sauti ya chini sana, baada ya Chalinze. Tukasimama. Alishuka, akatembea hadi nyuma, akapanda ngazi zake, akafunga mlango. Hakuna aliyepiga honi. Alikaa humo kwa raha zake mpaka watoto wakaanza kulalamika, na aliporudi garini alikuwa amechangamka, akawa anatutania mpaka Morogoro. Mara ya tano alisema tu, "Simama," kama anamwambia dereva wake.

Mama mkubwa alitoka nje ya nyumba yake akishikilia ukuta. Sitaeleza walivyokumbatiana. Kesho yake mchana mama alimkaribisha dada yake kwenye trela, akampikia chai mwenyewe, mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona mama akiwa mwenyeji wa mtu. Mimi na mke wangu tulikaa kwenye ngazi. Mama mkubwa aliomba kuingia chooni. Alikaa muda mrefu, tukasikia maji yakifunguliwa na kufungwa, yakifunguliwa na kufungwa.

Alipotoka alikaa ukingoni mwa kitanda. Miaka yote tulipomwita Dar es Salaam alikuwa akisema hana mtu wa kumwachia kuku. Akamtazama mke wangu, si sisi, akauliza polepole, "Hiki choo ni cha mama yenu peke yake, au hata mtu mwingine anaweza kukitumia njiani?"

Mama aliweka kikombe chini. "Dada," akasema. "Hata wewe?"

"Tangu safari ya msiba wa kaka yetu," mama mkubwa akajibu. "Nilidhani umenichoka, huji. Nami nikaona aibu kukwambia kwa nini siji."

Nilidhani mama atalia, lakini hakulia. Alimwambia dada yake aende akafungashe nguo, tunaondoka keshokutwa alfajiri, kisha akanigeukia mimi na kuniagiza nikatafute mtu wa kulisha kuku.