Ghislain Anaokoa Wakati

Ghislain alirudi kutoka Lubumbashi Jumapili jioni akiwa mtu mpya, na kuanzia Jumatatu asubuhi majirani zake wa Kikula, mjini Likasi, wakaanza kuulipia upya huo. Alikuwa amekwenda kununua minyororo na plagi za pikipiki kwa ajili ya duka lake. Huko akapita mbele ya ukumbi ambamo kocha mmoja mwenye suti ya kung'aa alikuwa akifundisha watu jinsi ya kufanikiwa. Akaingia kuchungulia tu, akatoka na fulana iliyoandikwa VISION mgongoni na macho ya mtu aliyeonyeshwa mbingu.

Kocha alifundisha mengi, hata namna ya kujenga réseau, yaani mtandao wa watu wa kufaana kibiashara, lakini lililomganda Ghislain kichwani ni moja: maskini hupoteza wakati, tajiri huulinda. Basi Ghislain akaanza kuamka kabla ya majogoo. Alikunywa maji ya moto yenye ndimu, akasimama mbele ya kioo na kujitangazia kwa sauti kuwa yeye ni mshindi, "Je suis un gagnant!" mpaka mkewe Sephora akamwomba angalau afunge mlango. Hayo yote hayakumdhuru mtu. Balaa lilianza pale alipoketi kutafuta nani hasa anayemwibia wakati, akagundua kwamba mwizi mkubwa ni wafu.

Kwa maana Likasi mtu akifa, watu huja kukaa. Turubai hutandikwa barabarani, viti vya plastiki hukodiwa, wanaume hukaa nje na kinywaji chao cha munkoyo, wanawake hukaa ndani kwenye mikeka. Wala hawaondoki baada ya maziko. Hukaa siku kadhaa zaidi ili mfiwa asibaki peke yake na ule ukimya wa nyumba. Ghislain aliyajua hayo vizuri. Baba yake alipofariki, wanaume wa mtaa walilala vitini wakimzunguka, na jirani yao Papa Stanislas, mstaafu wa reli, alimshika mkono makaburini kama anayemvusha mtoto barabara.

Lakini hayo yalikuwa kabla ya semina. Sasa Ghislain alikuwa na njia ya kisasa. Akipata habari ya kilio, alituma pesa kidogo kwa simu pamoja na ujumbe alioutunga mara moja tu, akawa anabadilisha jina la marehemu. Siku moja akasahau kubadilisha, familia nzima ikapewa pole kwa kifo cha bibi wa mtaa wa pili aliyezikwa mwezi uliotangulia. Ghislain hakuona aibu. Aliona ni kasoro ndogo katika mfumo mzuri.

Aliyeona aibu ni mama yake, Mama Henriette, aliyeishi naye uani. Kila turubai lilipotandikwa, yeye alijifunga kitambaa kichwani, akaenda, akakaa kwa niaba ya watu wawili. Alimenya mihogo, akaosha sufuria, akalia na wanaolia. Walipomuuliza mwanawe yuko wapi, alisema amesafiri Kolwezi, na hali pikipiki ya huyo msafiri ilionekana mbele ya duka lake, hatua chache kutoka hapo. Watu waliitikia kwa heshima. Hakuna aliyetaka kumuumbua mama wa watu.

Jioni moja alimngoja Ghislain mlangoni.

"Mutoto yangu," alisema, "siku minye nitakufa, weye utabaki na nani mu hii parcelle?"

"Mama, weye hautakufa leo. Acha mawazo ya négatif."

"Sikuuliza leo. Nimeuliza na nani."

"Na réseau yangu, mama. Sasa minye niko na réseau."

Mama Henriette hakujua réseau ni nani, na alivyoangalia uani hakumwona. Akaingia ndani kulala.

Tuseme ukweli, hata kama unauma: biashara ilinawiri. Mtu asiyekwenda msibani, asiyekaa na mgonjwa, asiyesimama njiani kuulizia watoto wa mwenzake, anapata nafasi kubwa sana ya kuuza plagi. Ghislain akafungua duka la pili upande wa Shituru. Kila Jumamosi akaanza kufundisha vijana katika ukumbi wa kanisa. "Kilio ni ofisi ya bantu benye habana kazi!" aliwaambia, na vijana walicheka, wakapiga makofi, kisha wakaenda nyumbani kuwagombeza mama zao.

Halafu Mama Henriette akaanguka jikoni asubuhi moja, presha, na kabla ya kufikishwa hospitali akawa ameshakwenda.

Ghislain alilia kweli. Hilo tusimnyime. Alilia akiwa ameketi sakafuni karibu na sufuria ya mama yake, na hakuna kocha aliyekuwa amemwandaa kwa sufuria. Lakini alipotoka nje alasiri hiyo, macho yakamtoka. Barabara ilikuwa imejaa kutoka kona hadi kona. Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia na mikeka yao, moto umewashwa, ugali wa bukari unasongwa, na watu asiowajua wanaulizana nani alete maji. Viti havikutosha, vikaagizwa vingine.

Na ndani ya huzuni ile, Mungu anisamehe kwa kumchungulia, Ghislain akaona fahari. Alifikiri wamemjia yeye.

Siku ya maziko alivaa suti, akasimama mbele ya jeneza na kutoa neno. Alizungumza juu ya discipline. Alizungumza juu ya duka la pili. Akanyoosha mikono juu ya umati ule na kusema, "Leo ninaona réseau yenye nilijenga!" Sephora alijifunika uso kwa kitambaa, na safari hii hakuwa analia. Kisha mama mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa, wote wakaupokea kwa sauti kubwa, na neno la Ghislain likazikwa kabla ya marehemu.

Walimzika Mama Henriette vizuri. Walirudi kutoka makaburini, wakanawa mikono, wakala. Ghislain akavua koti, akatafuta mahali pa kukaa katikati ya wanaume, kwa sababu sasa, ghafla, alikuwa amechoka na aliogopa kuingia katika nyumba ile. Ndipo alipoona watu wanasimama. Wanawake walikuwa wanakunja mikeka. Sufuria zilikuwa zimeoshwa, zimefunikwa.

"Papa Stanislas," alisema, "munaenda wapi? Kilio haijaisha."

Mzee alikuwa anavaa kofia yake, hana hasira hata kidogo.

"Mama tulisha kumuzika, mwana. Alikuwa anatuikalia mu kilio, na siye tulimuikalia. Weye kesho iko na programme. Hatutake kukuibia wakati."

Akampa mkono, akaondoka, na wengine wakapita mmoja mmoja wakimpa mkono, kwa adabu kamili. Simu ya Ghislain ikaanza kulia mfukoni. Ni vijana wake wa Jumamosi, wanatuma pole zao, pesa kidogo na ujumbe mfupi, wote ujumbe uleule. Hakuna hata mmoja aliyefika.

Jua lilikuwa bado juu ya paa wakati mwenye viti alipokuja na mkokoteni wake. Sephora alikuwa ndani na dada zake. Nje palikuwa na turubai, viti vitupu, na Ghislain amesimama katikati yake.

"Nikuachie kiti ngapi, patron?"

Ghislain alitazama barabara, upande huu na upande ule.

"Moja," alisema.

"Kiti moja hatupangishake, patron," alijibu mwenye viti, akakichukua na kile ambacho Ghislain alikuwa amekishika.